Bango linaongea na nani?

Wadogo zangu mlionitumia meseji kwamba jana huko nyuma spika ilikuwa inakatakata na mvua kwenye bati ikamalizia kabisa, haya, nimekaa nimeyaandika kama nilivyoyasema, sijapamba, nimeondoa tu yale maswali ya vyeti na nauli.

Wazee mliokaa mbele shikamooni. Vijana wa michoro, habari zenu. Nimeitwa hapa nieleze mambo ya rangi na herufi kwenye mabango ya kuelimisha jamii na nilitoka nyumbani na nia hiyo hiyo, ila nikiwa kwenye daladala nikaona hapana, rangi na herufi mwalimu wenu anazijua vizuri kuliko mimi, mi leo nataka tuongelee kitu kinachokuja kabla hujashika penseli, nacho ni swali moja tu, hili bango linaongea na nani? Na mifano mingi nitaitoa kwenye Vita vya Pili vya Dunia, tena sio mabango ya askari walioko mstari wa mbele, ni ya raia waliobaki nyumbani, akina mama jikoni, watu kwenye basi, wazee wenye vishamba vyao, kwa sababu pale serikali ilikuwa inahitaji mtu wa kawaida kabisa asikie na abadili anachofanya, wiki hii hii, sio mwakani.

Nianze na la kwangu. Miaka kadhaa nyuma kipindupindu kiliingia mtaani kwetu, ofisi moja ikanipa kazi ya kuchora bango, maneno walishayaandika wenyewe: "Usafi wa mazingira ni jukumu la kila mwananchi". Nikalichora kwa moyo wote, bluu nzuri, mikono miwili imeinua nyumba na mti, nembo tatu chini. Likachapwa, likabandikwa. Siku ya tatu nikapita sokoni nikamkuta mama anauza uji, bango langu limebandikwa kwenye nguzo juu ya kichwa chake, nikamuuliza, mama samahani, hili linasemaje? Akainua macho kama ndo analiona leo, akasoma taratibu mpaka mwisho, akanijibu, "Hilo la watu wa serikali, mwanangu." Basi. Akaendelea kukoroga. Na mbele yake pale kuna ndoo ya maji nyekundu, haina mfuniko, na kikombe cha plastiki kimoja ambacho kila mteja anachota anakunywa anakirudisha ndani. Jamani, mi usiku ule sikulala. Yule mama anajua kusoma, alisoma kila neno, ila hakuna hata neno moja pale lililomgusa yeye na ndoo yake, "kila mwananchi" ni nani sasa? Ukisema kila mtu, kila mtu anaangalia pembeni kumtafuta huyo anayeambiwa.

Ndo nikaanza kuchimba watu wengine walifanyaje, na nikaangukia Uingereza ya mwaka 1939.

Vita ilitangazwa tarehe 3 Septemba mwaka huo. Lakini miezi kabla yake watumishi wa serikali walishakaa wakaandaa mabango matatu, yote muundo mmoja, juu taji la mfalme, chini yake herufi kubwa nyeupe, nyuma rangi moja iliyojaa, hakuna picha ya mtu hata mmoja. Moja lililojazwa kwenye kuta mji mzima lilisema hivi, nalitafsiri neno kwa neno: Ushujaa wenu, uchangamfu wenu, uthabiti wenu, vitatuletea ushindi.

Lisomeni tena taratibu. Ushujaa WENU. Uchangamfu WENU. Uthabiti WENU. Halafu vita-TU-letea. Nyie mtoe, sisi tupate! Hilo -tu- dogo katikati ya kitenzi ndilo lililoharibu kazi nzima, na Waingereza waliligundua hapo hapo, wala haikuhitaji msomi. Kulikuwa na kundi la utafiti linaitwa Mass-Observation, lilianza 1937, kazi yao kusikiliza watu wa kawaida wanaongea nini mitaani, na walichokusanya kuhusu yale mabango hakikuwafurahisha wakubwa, watu wengi waliona wanaongeleshwa kutoka juu, kama vile kuna tabaka moja litakaloumia na lingine litakalosherehekea. Na nyie mnajua hilo taji la mfalme pale juu lilisaidia au liliongeza kidonda. Mwandishi wa maneno yale sidhani alikuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyekaa ofisini na watu wa ofisini wenzake, na pale kwao "sisi" ilikuwa inamtosha kila aliyekuwepo kwenye kile chumba.

La tatu katika yale matatu mnalijua wote, limejaa kwenye vikombe na tisheti za mitumba, lile la Keep Calm and Carry On, yaani tulia uendelee na kazi. Watu wengi wanadhani ndilo lililowapa Waingereza moyo mabomu yalipokuwa yanadondoka. Hapana. Lilichapwa karibu nakala milioni 2.45 likawekwa stoo, likisubiri balaa kubwa litokee ndipo litolewe, na balaa lilipokuja halikutolewa, nakala nyingi zilikuwa zimeshasagwa mwaka 1940 maana karatasi ilikuwa adimu. Raia wa wakati wa vita karibu wote hawakuwahi kuliona. Lilikuja kuibuka mwaka 2000 kwenye duka la vitabu vya zamani linaitwa Barter Books, mji wa Alnwick kaskazini ya Uingereza, mwenye duka kalikuta limekunjwa chini ya boksi la vitabu alivyonunua mnadani, akaliweka fremu, wateja wakaanza kuuliza linauzwa bei gani. Na yule dada wa Kimarekani aliyekunja mkono na kitambaa chekundu kichwani, mnamjua, "Tunaweza!", huyo naye bango lake kalichora J. Howard Miller kwa ajili ya viwanda vya kampuni ya Westinghouse, likatundikwa ndani ya viwanda hivyo kama wiki mbili hivi, Februari 1943, likashushwa, na umaarufu wake wote ni wa miaka ya themanini huku. Kwa hiyo msijifunze mabango kwa kuangalia vikombe. Lililopendwa leo na lililofanya kazi siku ile ni vitu viwili tofauti kabisa.

Lililofanya kazi je? Hapa nataka tukae.

Kulikuwa na mchora katuni anaitwa Cyril Kenneth Bird, akisaini Fougasse, mtu aliyeumia vibaya vita ya kwanza huko Gallipoli mwaka 1915. Vita ya pili ilipoanza akajitolea kuichorea serikali bure. Na yeye alikuwa ameshafikiria kitu ambacho mi nimekibandika ukutani kwangu pale ninapofanyia kazi, alisema bango lolote lina vizingiti vitatu. Cha kwanza, watu hawapendi kusoma matangazo, ya aina yoyote. Cha pili, hata akisoma, haamini kwamba anaambiwa yeye. Cha tatu, hata akiamini, hakumbuki kwa muda wa kutosha kufanya alichoambiwa. Nilipofika hicho cha pili nikamuona mama wa uji. "Hilo la watu wa serikali, mwanangu."

Sasa angalieni alivyovivuka. Mapema 1940 yakatoka mabango yake manane, ujumbe wake ni kwamba maneno ya ovyo yanagharimu roho za watu, usiropoke habari za meli na vikosi maana hujui nani anasikia. Chukueni lile la kwenye basi, nimewapitishia nakala, shikeni wenyewe. Pembeni kote kuna fremu nyekundu. Ndani yake karatasi nyeupe tupu, nyeupe nyingi kuliko mchoro wenyewe, jicho linavutwa kwa sababu kila kitu kingine ukutani kimejaa makorokoro. Halafu kinamama wawili, wamevaa kofia zao, wameinamiana wanapiga soga kama mimi na wewe tungepiga, nyuso zao zina raha. Na siti ya nyuma yao, wametulia kama abiria wengine, Hitler na Göring, mkuu wake wa jeshi la anga. Mistari michache tu ya kalamu. Hakuna damu, hakuna meli inazama, hakuna amri. Unacheka kwanza, halafu unageuka kuangalia nani kakaa nyuma yako, na kwa kugeuka kule umeshamtii mchoraji! Kuna lingine Hitler yupo kwenye karatasi la ukutani, uso wake umerudiwa rudiwa kama maua ya mapambo, na lingine jamaa yupo ndani ya kibanda cha simu na akina Hitler wadogo wamejibanza kila kona. Wale kinamama kwenye basi hawakuchorwa kama wabaya au wajinga, kila aliyeliangalia alijiona au alimuona dada yake. Kile kizingiti cha pili kimeshavukwa hapo.

Chakula ndo lilikuwa jambo zito zaidi. Kabla ya vita Uingereza ilikuwa inaagiza nje karibu asilimia 70 ya chakula chake, kinakuja kwa meli, na nyambizi za Wajerumani zinazisubiri hizo meli baharini. Mgao ulianza tarehe 8 Januari 1940, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, siagi, sukari, ukaongezewa mengine, na haukuisha kabisa mpaka 1954, miaka tisa baada ya vita kwisha. Sasa utamwambiaje mtu wa mjini ambaye hajawahi kushika jembe alime? Kampeni ikatoka Oktoba 1939, lima tupate ushindi, na bango lake linalojulikana kuliko yote lina mguu mmoja. Mguu tu! Buti limekanyaga sepeto, sepeto linaingia kwenye udongo. Hakuna uso. Na kwa sababu hakuna uso, ule mguu ni wa yeyote anayelitazama, ni wako wewe. Kitu cha kufanya ni hicho unachokiona, weka mguu hapo ukandamize. Vishamba vya kukodi vya raia vilitoka kama 815,000 mwaka 1939 vikafika kama milioni 1.4 mwaka 1943, hata kwenye handaki la ngome ya Tower of London, lilikokuwa maji zamani, watu walipanda mboga. Sisemi bango peke yake ndilo lililolima, njaa inalimisha, na serikali ilitoa ardhi na vipeperushi vya kufundisha nini kipandwe lini, bango bila mbegu ni karatasi. Lakini lilimwonyesha mtu aanzie wapi.

Viazi navyo vikavalishwa viatu vikaitwa Potato Pete, karoti ikawa daktari mwenye mkoba, na wakaambiwa karoti zinasaidia kuona gizani maana usiku taa zote zilikuwa zinazimwa ndege zisione miji. Hapo walitia chumvi. Ni kweli mtu aliyepungukiwa vitamini A haoni vizuri usiku, ila ukiwa nayo ya kutosha kula gunia la karoti hakukupi macho ya paka, wao walikuwa na karoti nyingi na sukari kidogo, wakataka watu wazile. Mi hilo sifundishi mtu. Siku mama akigundua umemdanganya kwenye karoti hatakuamini kwenye dawa ya maji.

Basi nikarudi kwenye lile la kwangu. Sikungoja kulipwa. Nikachora ndoo nyekundu, ile ile, na kikombe kile kile cha plastiki, nikachora mkono unashusha sinia juu ya ndoo, mkono hauna mwenyewe, unaishia kwenye kiwiko, chini maneno mawili, "Funika ndoo". Nikatoa kopi kwa hela yangu, nikampelekea yule mama mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Akaangalia, akaniangalia, "We, mbona hii ndoo yangu?" Na nikwambieni ukweli, alikasirika kidogo, aliona nimemwanika. Hilo nalo ni jambo, mnaponiuliza maswali naomba mniulize hilo, kwa sababu neno WEWE lina makali, linaweza kumwamsha mtu na linaweza kumkata.

Waingereza hao hao walilitumia kukata. Mnamo Septemba 1939, siku chache tu, karibu watu milioni moja na nusu, wengi wao watoto, walihamishwa kutoka mijini kwenda vijijini wasikutwe na mabomu. Mabomu hayakuja mara moja, miezi ikapita kimya, akina mama wakashindwa kuvumilia wakaanza kuwarudisha watoto wao. Likatoka bango. Mama amekaa chini ya mti, watoto wake wanacheza karibu, mbali kule kwenye upeo unaona mji, na nyuma ya mama kuna kivuli cha Hitler, cheupe kama moshi, kimeinamia sikio lake kinanong'ona: warudishe, warudishe. Mi nikiliangalia lile bango tumbo linanikaza. Kwanza, serikali ilikuwa na haki ya kuogopa, tarehe 7 Septemba 1940 mabomu yalianza London yakapiga usiku 57 mfululizo. Hilo sibishi. Lakini kile kinachomwambia mama nenda kamchukue mwanao ni mapenzi yake mwenyewe, na mchoraji kakichukua akakipa sauti ya adui. Mama amemkumbuka mwanae wa miaka mitano analala kwa watu asiowajua, unamwambia hiyo ni sauti ya Hitler? Mi nisingelichora. Ningechora kitanda cha mtoto kijijini, kimetandikwa, mama akione, ajue analala wapi. Najua kuna mtu atasema halikuwa na nguvu ya kutosha. Sawa.

Na wanawake kwa ujumla mle kwenye mabango ya ukimya walionewa. Kuna moja lilisema uwe kama baba, nyamaza, na kwa Kiingereza neno lile lile la kunyamaza ni neno la mama, kwa hiyo likasikika pia kama mtunze mama, baba ndo anayelisha. Mbunge mmoja mwanamke, Edith Summerskill, daktari, akalilalamikia bungeni mwaka 1941. Wanawake wakati huo wako viwandani wanatengeneza risasi.

Sasa kuna neno lingine, na hapa naomba vijana msinishikie simu dakika mbili. Tumeona WENU, tumeona WEWE. Kuna HUYU. Ujerumani nayo ilikuwa na mabango ya raia, mengine ya kawaida tu, kulikuwa na jitu limebeba gunia mgongoni, mwizi wa makaa, kuwaambia watu wasipoteze moto na umeme. Ukiliona hilo unaweza kudhani mambo yalikuwa sawa na kwa Waingereza. Lakini kwenye kuta hizo hizo, mwaka 1943, kuna bango kachora Hans Schweitzer aliyekuwa akisaini Mjölnir, kidole kikubwa kinamnyooshea mtu mwenye nyota ya njano kifuani, ile Wayahudi waliyolazimishwa kuvaa, maneno yanasema: Huyu ndiye mwenye kosa la vita. Mwaka huo Wayahudi wanasafirishwa kwa treni kwenda kuuawa. Schweitzer alikuwa mchoraji hodari, mistari yake ina nguvu, rangi zimekaa, kizingiti cha kwanza anavuka, cha pili anavuka, cha tatu anavuka. Na lile bango halimwambii raia afanye kitu chochote, tofauti na jembe, tofauti na ndoo. Linamwambia tu amtazame mwenzake wa mtaani kama yule, halafu siku wakija kumchukua asitoke nje. Ukipewa kazi yenye neno HUYU ndani yake, na kwetu zinakuja, wakati wa uchaguzi zinakuja, wakati wa ugonjwa zinakuja, kwamba huyu ndo kaleta, weka penseli chini. Hela ya kodi ya nyumba itatafutwa kwingine.

Nimalizie kwa kwetu maana mzee pale mbele aliniuliza kabla hatujaanza, sisi tulikuwa wapi. Tulikuwepo. Uingereza ilitoa mfululizo wa mabango ulioitwa washirika wetu makoloni, na mojawapo lina askari wa King's African Rifles, KAR, wale babu zetu waliopelekwa mpaka Burma mwaka 1944. Kapendeza, kachorwa kwa heshima. Lakini soma tena, "wetu". Nani anaongea? Askari yuko pale kama picha ya kuonyeshwa, anaonyeshwa Mwingereza wa Uingereza ili asijione peke yake vitani. Mama yake yule askari hakuwa anaongeleshwa na bango lile, wala yeye mwenyewe.

Februari 1944 meli inaitwa Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo, imebeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, wauguzi wanawake, mabaharia. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani ikaipiga karibu na visiwa vya Maldives, ikazama ndani ya dakika chache. Walikufa watu 1,297. Sisemi ni umbea uliowaua, lakini yale mabango ya Fougasse tuliyocheka nayo hapa yalikuwa yanaongelea meli kama ile, inatoka Kilindini, bandari ya Mombasa, wapagazi wanaiona, wauza machungwa wanaiona. Na wengi wa wale vijana wa mizinga walizaliwa kwenye vijiji ambavyo ujumbe wa vita ulifika kwa baraza la chifu, au kwa gari la sinema likitokea siku moja moja. Wale waliobaki vijijini waliongeleshwa mara chache sana kwa neno wewe, mara nyingi walihesabiwa, vichwa vingapi, magunia mangapi.

Haya. Kesho saa tatu asubuhi tunakutana hapa hapa ila hatukai ndani. Acheni kompyuta nyumbani. Kila mmoja aje na penseli na karatasi nne, tunaenda sokoni kwa makundi ya watatu watatu, unamchagua mtu mmoja, unamsalimia vizuri, unanunua kitu kwake, unamwomba ruhusa ukae pembeni yake saa nzima umwangalie mikono inafanya nini. Usichore uso. Mchana tunarudi, tunatandaza zote sakafuni, na nimemuomba yule mama wa uji aje aziangalie na yeye.